Yesi Ni Ndiyo

Watu wa kwetu Unguja walinisindikiza hadi bandarini kana kwamba nakwenda Uingereza. Mama alilia, shangazi zangu wakalia kwa kumsaidia, na jirani mmoja ambaye hakuwa amejibu salamu yangu tangu mwaka uliopita alinikumbatia akaniomba nisimsahau huko ugenini. Ugenini kwenyewe ni Mombasa. Meli iling'oa nanga alasiri, na kesho yake asubuhi nilikuwa nimekwisha teremka, nimesimama mbele ya karani wa forodha aliyeniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nimekuja kufundisha Kiingereza. Alinitazama viatu, akagonga muhuri, akaniambia nipishe wengine.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na kila mtu Mombasa alikuwa na hamu ya kupanda cheo. Kanisa moja dogo la Changamwe, huko bara ng'ambo ya Makupa, lilikuwa limefungua darasa la Kiingereza la jioni kwa wafanyakazi wa bandarini na wa reli. Kamati ya kanisa ilitaka mwalimu aliyesoma kwelikweli, na kwa maoni ya kamati, aliyesoma kwelikweli hawezi kuwa mtu wa karibu. Basi wakaniagiza mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na cheti kimoja chenye muhuri mkubwa. Walinipa miezi mitatu ya kutazamwa. Nikifaa, nitathibitishwa, nisipofaa, nitapandishwa meli nirudi. Kila nilipofikiria kurudi baada ya miezi mitatu kwa watu walionililia vile, nilikitoa kile cheti nikakisoma upya. Naweza kusema bila haya, maana sasa mimi ni mzee, kwamba sikuogopa kitu kingine chochote duniani kama kuliona tena gati la Unguja mapema.

Kamati ilinipangishia chumba kwa bibi mmoja wa ukoo wa kale wa pale Changamwe, mjane wa Kiislamu mwenye nyumba ya makuti na ulimi mkali. Mimi ni Mkristo, lakini yeye hilo halikumshughulisha. Kilichomshughulisha ni kwamba natoka Unguja. Nilipofika mlangoni na sanduku langu nikabisha hodi, alikuwa ameketi uani na majirani wawili wakichambua mchele. Akanitazama, akatabasamu, akanipungia mkono.

"Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Nilitazama huku na huku. Kando ya kisima palikuwa na ndoo. Nikaweka sanduku chini, nikaichukua, nikaona haina kitu, nikateka maji, nikampelekea kwa mikono miwili na adabu zote. Wale majirani walitupa nyungo zao. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Kumbe Unguja mtu akiitwa huja na maji!" alisema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa watu wa Mvita, njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na macho ni mato. Mimi, niliyefunzwa tangu utotoni kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa kuandikwa vitabuni, nilijaribu kumweleza jambo hilo kwa upole. Nilisema kwamba wataalamu wenyewe walikaa wakaamua.

"Vitabuni!" alisema. "Nyinyi Kiswahili mwakisoma. Sisi twakinyonya. Keti ule, una ndaa wewe, mato yamekuingia ndani."

Nikaketi nikala. Yalikuwa maandazi, lakini nilipoyaita maandazi nikaambiwa ni mahamri. Kwa wiki nzima watoto wa mtaa waliponiona walipiga makopo kunikumbusha ndoo ile. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kufundisha watu lugha, na mtu wa kwanza aliyenikaribisha alikuwa amenisahihisha mara mbili kabla sijanawa mikono.

Darasani mambo yalikuwa afadhali, kwa sababu Kiingereza hakuna pale aliyekinyonya. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, wengi Wakristo waliotoka Rabai na Ribe na Kaloleni, na wawili watatu wa kutoka bara ya mbali. Wote walikuwa wakubwa kwangu. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na kila mmoja akaitikia marahaba kwa sauti nzito, na nilipofika mwisho nilikuwa nimekuwa mjukuu wa darasa zima. Mzee wa kamati akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mwalimu haamkii wanafunzi shikamoo. Wanafunzi waliposikia wakapinga. Kijana ni kijana. Tukapatana hivi: nje ya mlango nitawaamkia, ndani ya mlango wataniamkia wao kwa Kiingereza. Kiingereza, nilikuja kutambua, ni lugha nzuri sana kwa kijana, kwa sababu haina shikamoo.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa hamali mmoja wa Kirabai, mtu wa makamo, mrefu, mwenye shingo nene kwa kubeba magunia miaka kumi na minane. Mkewe alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga karibu na stesheni. Yeye hakuwa amekuja kujifunza Kiingereza kwa ajili ya fahari. Bandarini kulikuwa na winchi kubwa, zile zenye kibanda juu kabisa, na mwendeshaji huketi humo akiinua mizigo kutoka tumboni mwa meli. Watu walikuwa wakitafutwa wa kufunzwa kazi hiyo, lakini bwana mkubwa wa winchi, Mzungu, alikuwa akiwasaili wote kwa Kiingereza, kwa sababu amri za melini zinatolewa kwa Kiingereza.

"Mwalimu," aliniambia, "mgongo wangu umebakisha miaka miwili, mitatu ukiubembeleza. Nikipanda kule juu, nitakula kwa mikono. Nisipopanda, sijui watoto wangu watakula kwa nini."

Nilimwambia asiwe na shaka. Maneno hayo niliyasema kwa wepesi wa mtu ambaye mgongo wake haujabeba kitu kizito kuliko kamusi.

Somo la kwanza kabisa nililowapa, kwa kuwa nilitaka watoke siku ile wakiwa na kitu mfukoni, lilikuwa la maneno mawili. Niliandika ubaoni: yesi ni ndiyo, no ni la. Wakaimba. Watu waliozoea kuvuta kamba kwa sauti moja, ukiwaambia waimbe, wanaimba. Yesi ni ndiyo ile ilisikika hadi kwenye reli, na bibi mwenye nyumba aliniuliza jioni ile kama kanisani tumeanza kutweka tanga. Nilifurahi sana. Niliona kazi hii nimeiweza.

Sasa, kuna jambo ambalo msomaji anayejua Kiingereza ameshaliona, na mimi nililijua pia. Nililijua kitabuni. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hukwenda sokoni?" nawe hukwenda, unajibu, "Ndiyo." Ndiyo, ni kama unavyosema, sikwenda. Mwingereza akiulizwa hivyo hivyo, naye hakwenda, atajibu "no." Yeye hayajibu maneno ya swali, anajibu jambo lenyewe la sokoni. Kwa swali la namna hiyo, ndiyo yetu ni no yao, na yesi yao ni la yetu. Mwalimu wangu wa Unguja alinipiga rula mkononi kwa kosa hilo mwaka mzima. Lakini nilikuwa nimepanga kulifundisha baadaye, somo la sitini hivi, maana lingewachanganya, na wimbo wetu ulikuwa umekaa vizuri mno kuharibiwa.

Somo la sitini halijafika, hamali wangu akaitwa kusailiwa.

Alikuja darasani jioni ile ile, ameoga, amevaa shati la Jumapili, uso unang'aa. Wenzake wakamtaka asimulie. Akasimama mbele, mahali pangu, akasimulia neno kwa neno, akiyageuza maswali ya Mzungu kwa Kiswahili ili kila mtu ayapate.

"Akaniuliza, 'Wewe hunywi pombe?' Nikamwambia, 'Yesi, sa.' Akaniuliza, 'Hujapata kufungwa?' Nikamwambia, 'Yesi, sa.' Akaniuliza, 'Huogopi kukaa juu?' Nikamwambia kwa nguvu, 'Yesi, sa!' Akaandika, akaandika. Halafu akaniuliza, 'Na huoni haya kuniambia hivi?' Nikamwambia, 'Yesi, sa.' Kwani nione haya ya nini? Nilijibu kweli tupu."

Darasa zima likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, nikiyageuza majibu yale kwa Kiingereza. Mtu huyu alikuwa hajaonja tembo la mnazi tangu abatizwe. Alikuwa amekwenda mbele ya Mzungu na kumwambia, kwa Kiingereza safi cha kwangu mimi, kwamba yeye ni mlevi, aliwahi kufungwa, anaogopa kupanda juu, na anaona haya. Hilo la mwisho nadhani ndilo pekee lililompendeza bwana yule.

Ningesimama palepale niseme. Sikusimama. Nilijiambia nisimkatishe furaha, labda Mzungu ameelewa, labda amezoea. Ukweli ni kwamba mzee wa kamati alikuwa ameketi dirishani akisikiliza, na miezi yangu mitatu ilikuwa imebakisha siku tisa. Nikapiga makofi na wengine.

Siku mbili baadaye hamali alikuja bila shati la Jumapili. Winchi hakupewa. Zaidi ya hayo, kibati chake cha namba, kile ambacho hamali bila hicho haingii lango la bandari, kilikuwa kimechukuliwa. Bwana mkubwa alikuwa amepeleka habari kwamba mlevi aliyetoka kifungoni hafai hata kubeba. Miaka kumi na minane ikaisha namna hiyo, kwa yesi nne. Aliketi kwenye benchi, magoti yake makubwa yamekaribia kidevu, wala hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa na hasira.

"Mwalimu, nilikosea neno gani?" aliniuliza. "Nionyeshe, nilirekebishe."

Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kuonana na yule bwana. Nisisifiwe kwa hilo. Wanafunzi kumi na watatu walikuwa wamenikodolea macho, na pale Changamwe hapakuwa na mwingine aliyejua Kiingereza cha kutosha kuingia ofisi ile. Mke wa hamali alinitumia sahani ya mihogo, ya pilipili na ndimu. Nilishindwa kuila, na bibi mwenye nyumba akaila yeye huku akinisema kwamba mtu anayekataa mihogo ya bure ana jambo.

Kesho yake asubuhi nilivuka Makupa kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitamweleza bwana tofauti ya ndiyo na yesi. Hilo lilikuwa sawa. Lakini atauliza, bila shaka, nani aliyemfundisha mtu huyu. Na akijua ni mimi, ataandika barua kwa kamati, kwa kuwa Wazungu wa zama zile walipenda sana kuandika barua, na kamati itanitafutia meli. Kwa hiyo nitasema si mimi. Nitasema Kiingereza chake alikiokota bandarini, kwa mabaharia, kabla mimi sijafika. Ni uongo mdogo, hauna mtu wa kumdhuru, baharia hana anwani. Nilipofika langoni nilikuwa nimeuzoea kiasi cha kuuamini nusu.

Bwana mkubwa wa winchi alikuwa mtu mnene, mwekundu, mwenye miwani iliyomteremka puani. Hakunikaribisha kiti. Nilianza kueleza kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilifundisha vizuri. Nilimwambia kwamba sisi, mtu akituuliza kwa kukanusha, tunalijibu swali lake, hatujibu jambo lenyewe. Tunakubali maneno yake kwa heshima, kisha ukweli unafuata. Alinisikiliza huku akigonga kalamu mezani. Akanijaribu.

"Nikikuuliza, hukuja kwa basi leo?"

"Kwetu nitasema ndiyo, bwana. Kwenu nitasema no. Nimekuja kwa miguu."

Akatoa karatasi ya hamali wangu kwenye jalada, akaisoma upya. Pembe ya mdomo ikaanza kumcheza. Alipofika kwenye lile la haya akacheka kwa sauti, akavua miwani akaifuta. Nilijua tumepona. Nilihisi miguu yangu imekuwa myepesi, na wepesi ule ndio uliokuwa hatari, maana nililegea. Akarudisha miwani, akaninyooshea kalamu, akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Wewe siye uliyemfundisha hivi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelingojea njia nzima. Jibu lilikuwa tayari ulimini, limeiva. Si mimi, bwana. Ndiyo, kama unavyosema, si mimi.

"Yesi, sa," nilisema.

Aliweka kalamu chini. Akanitazama juu ya miwani.

"Vema," alisema. "Nimekaa nchi hii miaka mingi, wewe ni mtu wa kwanza kuingia hapa na kukubali kosa bila kuzunguka."

Niliposikia hivyo ndipo nilipotambua nilichosema. Nilifungua mdomo. Kusahihisha Kiingereza ndiyo kazi iliyonileta, na kosa lilikuwa hapo mbele yangu, bichi, la kwangu mwenyewe, na ningelisahihisha kwa neno moja. Sikulisahihisha. Bwana akafungua mtoto wa meza, akatoa kibati cha namba, akanisukumia. Akasema mtu wangu aje Jumatatu ajaribiwe winchi, na safari hii atamwuliza maswali yaliyonyooka. Nilirudi Makupa na kibati kimefumbatwa mkononi, jasho langu limekilowesha. Siku ile nilikuwa nimesema kweli kwa makosa, na sikujua nimshukuru nani.

Jumatatu hamali alipanda winchi. Hakuogopa juu, kama alivyokuwa amesema tangu mwanzo. Lakini kabla hata hajapanda, habari zilikuwa zimekwisha enea. Karani mmoja wa ofisi ile alisikia kila kitu kupitia mlango, akaeleza langoni, na lango likaeleza Changamwe nzima. Mwalimu alisimama mbele ya Mzungu, akaulizwa kama si yeye aliyekosea, akakubali. Mwalimu hakujificha. Jumapili niliombewa kanisani nikiwa nimekaa mstari wa mbele. Mzee wa kamati alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema nimethibitishwa, kwa kuwa Kiingereza hufundishika lakini moyo wa ukweli mtu huzaliwa nao. Hamali alinipelekea jogoo. Wakati ananipa, macho yake yalilengalenga, akaniita baba, mtu aliyeweza kunizaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikampokea jogoo.

Jioni ile bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi uani na ungo wake. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akaweka ungo chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akanitazama bila mzaha.

"Ndoo," alisema, akanionyesha mkeka. Nikaenda nikaketi. "Watu wasema maneno mangi, na watu ni waongo. Mimi nataka nisikie kwako. Mzungu alipokuuliza, na ukijua wataweza kukurejesha kwenu, wallahi hukukana?"

Alikuwa amenitunza miezi mitatu. Alikuwa amenifundisha ndia na ndaa. Kwa uso ule ningeweza kumwambia yote, naye angecheka, angeita majirani, na ningekuwa nimeutua mzigo wangu.

"Ndiyo, mama," nilimjibu.

Akapiga kofi moja la furaha, akaniambia mwana aliyelelewa hajifichi, akainuka kwenda kumchinja jogoo. Nilibaki kwenye mkeka. Kwa Kiswahili nilikuwa nimemdanganya, maana moyoni nilikana. Kwa Kiingereza nilikuwa nimemwambia kweli tupu. Nimefundisha lugha hizi mbili miaka arobaini baada ya hapo, na bado sijui siku ile nilimjibu kwa ipi.